Ishirini na Nane

Jumapili, saa tatu, nyuma ya machimbo ya mawe Njiru,
nimekalia kreti ya soda, daftari pajani.
Kazi yangu ni maganda.
Zikitoka risasi mia na arubaini, yarudi maganda mia na arubaini.
Hata moja likijificha chini ya kokoto
nalitafuta kwa magoti kama aliyeangusha sindano,
maana kitabu cha polisi hakijui neno takriban.

Bwana Bhogal anafungua sanduku.
Bombomu ya vita vya wazee,
mtutu umelainishwa mafuta, kitako cha mti kimesuguliwa
kuliko viatu vyake vya harusi.
Hii ilikuwa rashasha, anasema,
kisha mafundi wakaing'oa jino la ndani:
kidole kimoja, mlio mmoja.
Wameinyima mvua, nawaza, wakaiachia matone.

Vibali vyake vimo katika faili la kijani, vimegongwa mihuri
mpaka karatasi imekuwa ngumu kama chapati ya juzi.
Ana karakana ya pampu Barabara ya Lunga Lunga,
ana goti bovu,
na analala kifudifudi juu ya turubai
kama mtoto aliyesusa chakula.
Anavuta pumzi.
Ta.
Mwewe wa Dandora wanapaa, wanatua.
Ta.
Ganda halirukii pembeni. Linadondoka chini, tumboni pake,
kama yai.

Leo mpwa wake hakuja.
Ndinda, nijazie.
Nikaketi kushoto kwake.
Magazini imejipinda kama ndizi, risasi ni baridi,
nzito kuliko nilivyodhani miaka yote hii ya kuhesabu maganda tu.
Nikasukuma kwa dole gumba, moja, nyingine, nyingine,
na nilipokaribia mwisho akasema bila kugeuka:
Ishirini na nane. Komea hapo.

Si inabeba thelathini?

Inabeba. Lakini ukiishindilia springi inachoka,
kingo za risasi zinapandana,
nayo inakwama saa ile usiyotaka ikwame.
Waliokuwa nayo vitani wote walijua.

Mkono wangu ukabaki hewani.

Babu yangu, Kitonyi wa Mbaluka, alirudi kutoka Burma
na blanketi, na kopo la tumbaku,
bila hadithi hata ya kumlaza mtoto.
Mchana aliongea Kikamba tu.
Usiku, kule Mwala, nyuma ya ukuta wa udongo,
alihesabu kwa Kiswahili cha jeshi,
moja, mbili, tatu, bila haraka,
mpaka ishirini na nane.
Kimya.
Kisha godoro la majani likalia, mkono wake ukapapasa gizani,
ukachomeka kitu juu ya kitu kisichokuwapo,
akaanza tena, moja.

Nyanya alisema ni mbuzi wa mahari yake:
waliagizwa thelathini, wawili wakapotea njiani,
na deni halimpi mzee usingizi.
Shangazi Kalunde alisema ni siku za mwezi.
Mjomba aliyeokoka alisema ni pepo,
tena pepo asiyejua kufika thelathini.
Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa uji.

Bwana Bhogal amenyoosha kiganja, anangoja.
Nikampa.
Ta. Ta. Sikuziba masikio.
Nilihesabu kwa midomo, na ilipofika kimya
mkono wangu ulikuwa umeshainuka na magazini ya pili,
haujaagizwa na mtu.
Akageuka akanitazama. Nani alikufundisha?
Nikasema, vumbi hili.
Halikuwa jibu, naye hakudai jingine.

Jioni maganda yalipungua moja.
Tukatambaa wote wawili, yeye na goti lake, mimi na tochi ya simu,
tukalikuta ndani ya mkunjo wa turubai,
bado lina joto kidogo, au ni kiganja changu.
Nikaandika jumla. Nikapiga mstari.

Nyanya,
hakuna mbuzi aliyepotea.